Mawe Yenye Uhai

Somo: Luka Mtakatifu 13:1-9



Jumapili ya tatu ya Kwaresima, baada ya Misa, tulisimama chini ya mwembe kama ilivyo desturi yetu, tukazungumza habari ya ukumbi. Wote mnajua ya kuwa kuta zake zimebanduka, na kwamba Halmashauri ya Kanisa inataka zipigwe lipu na kupakwa chokaa kabla ya Kipaimara. Mzee mmoja wa Halmashauri akasema amepata mtu wa pwani atakayetuuzia chokaa kwa bei rahisi. Nikauliza ni chokaa ya namna gani. Akajibu, "Ya matumbawe, Mwalimu. Hakuna iliyo nyeupe kama hiyo." Nilipokunja uso, mama mmoja akaniambia kwa upole, "Lakini Mwalimu, matumbawe si yamekwisha kufa? Mungu amewaadhibu wavuvi kwa ajili ya baruti zao. Heri tuyatumie sisi kuliko yalale bure baharini."

Nilikwenda zangu nyumbani bila kumjibu, maana neno lake lilikuwa na mambo mengi ndani yake na jua lilikuwa kali. Padri ameniruhusu nijibu katika gazeti letu. Wala simjibu yeye peke yake. Neno lile nimelisikia sokoni, nimelisikia kwenye basi, na siku moja ugenini nililisikia mimbarani.

Tuanze na habari ya adhabu. Asubuhi ile ile tulikuwa tumesomewa Injili ya watu waliomletea Bwana habari za msiba. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya hekaluni, na watu wengine 18 walikuwa wameangukiwa na mnara huko Siloamu. Ni dhahiri kwamba waleta habari walitaka kuambiwa marehemu walikosa nini. Ndivyo tulivyo hata leo. Mtu akipatwa na ajali, kabla hajazikwa tumekwisha kutafuta sababu katika maisha yake. Bwana Yesu alikataa. Alisema waziwazi kwamba waliokufa hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu, kisha akawageuzia swali wao wenyewe waliokuwa hai, akawaambia watubu. Nimelisoma somo hili tangu nikiwa kijana, na kila mara naona ugumu wake ni hapo, kwamba mtu anakuja na habari za jirani na anarudi nyumbani akiwa na kazi yake mwenyewe.

Sasa turudi baharini. Kwanza yanipasa kumwomba radhi kila niliyemfundisha, maana kwa miaka mingi niliandika ubaoni ya kuwa matumbawe ni mawe. Matumbawe ni wanyama. Kila tumbawe ni kijiji cha wanyama wadogo sana, wengi wao hawapiti ukubwa wa punje ya mtama. Kila mmoja ana kinywa na vimikono vya kunasia chakula, naye huketi katika kikombe cha chokaa alichokijenga mwenyewe kwa vitu vilivyoyeyuka katika maji ya bahari. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Yale matumbawe manene ya mviringo huongezeka yapata sentimita 1 tu kwa mwaka. Yale ya matawi, mfano wa pembe za mnyama, huweza kuongezeka sentimita 10 au zaidi. Basi ukiliona tumbawe la mviringo lenye kimo cha mita moja, ujue lilianza siku ambazo Waingereza walikuwa bado wageni hapa Tanganyika. Mtu mwenye mtaimbo hulibomoa kwa dakika chache.

Sisi Wakristo tumeishi na wanyama hawa bila kuwatambua. Katika arusi zetu husomwa Mithali 31, ambapo mke mwema anasemwa kuwa ana thamani kupita marijani. Yale ni marijani mekundu ya shanga, ya bahari nyingine, lakini ni ukoo mmoja na matumbawe yetu. Na wale waliofika Unguja wakaingia Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 siku za Askofu Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, wameegemea kuta za mawe ya matumbawe. Tena fungueni Mwanzo 1:22 mkaone jambo ambalo mimi nililipita mara nyingi. Baraka ya kwanza iliyotamkwa katika Biblia hakupewa mwanadamu. Walibarikiwa kwanza viumbe vya majini na ndege, waongezeke, na bahari ijae. Sisi tulibarikiwa siku ya pili yake.

Miamba ya matumbawe haifikii hata sehemu 1 katika 100 ya sakafu ya bahari zote, lakini yapata robo ya aina za viumbe vya baharini huitegemea kwa namna fulani. Mtu yeyote anayenunua changu, tasi au pweza pale sokoni anakula matunda ya mwamba.

Je, ni nini basi kilichoyapata matumbawe? Ndani ya mwili wa kila mnyama huyo hukaa vijimea visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupika chakula kwa mwanga wa jua, kama jani la muhogo lifanyavyo, na humgawia mwenye nyumba. Hata sehemu 9 katika 10 za chakula chake zaweza kutoka kwa vijimea hivi. Rangi ya tumbawe pia hutoka kwao. Ni kama mpangaji anayelipa kodi kwa chakula, na nyumba nzima humtegemea. Lakini maji yakizidi kwa digrii 1 tu lile joto la kawaida la mwezi ulio na joto kuliko yote, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma manne au zaidi, ujirani huo huvunjika. Tumbawe huwatoa wapangaji wake nje. Hapo hubaki mnyama aliye kama kioo, na nyuma yake huonekana kikombe cheupe cha chokaa. Wataalamu huita kupauka. Tumbawe lililopauka bado halijafa, bali lina njaa. Maji yakipoa upesi, vijimea hurudi na rangi hurudi. Yasipopoa, mnyama hufa kwa kukosa chakula, na mwani huota juu ya nyumba yake.

Haya niliyaona kwa macho yangu mwaka 1998. Wengi mnaukumbuka wakati ule kwa mvua za El Niño zilizokata barabara na madaraja. Zilipopungua, mzee mmoja mvuvi, jirani yangu Mwislamu, alinichukua kwa ngalawa yake siku ya bamvua hadi kwenye mwamba nilioujua tangu utoto. Alizima maneno yote, akaninyooshea kidole majini. Chini yetu palikuwa peupe kama ua lililotandazwa unga. Akasema, "Mwalimu, mawe yameota mvi." Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo, naye hakufika darasa la nne, lakini siku ile yeye alijua kitu ambacho mimi sikukijua, kwamba lile tulilotazama lilikuwa jambo la uhai na kifo.

Wakati ule nilidhani ni balaa la pwani yetu peke yetu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka ule ule matumbawe yalipauka Kenya, Mafia, Shelisheli, Maldivi na bahari nyingine nyingi. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Duniani kote yapata sehemu 16 katika 100 za miamba ziliharibika vibaya kwa mwaka ule mmoja. Kisha ikaja mara ya pili mwaka 2010, na mara ya tatu kati ya mwaka 2014 na 2017. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 wataalamu wakatangaza kwamba dunia imo katika kupauka kwa mara ya nne, na kufikia mwaka 2025 walihesabu kwamba zaidi ya sehemu 80 katika 100 za miamba ya dunia zilikuwa zimepatwa na joto la kutosha kupausha matumbawe.

Basi mama yangu, nakujibu hapa lile nililoshindwa kukujibu chini ya mwembe. Huko Australia kuna mwamba mkubwa kuliko yote duniani. Unalindwa kwa sheria na kwa fedha nyingi, wala hakuna mtu anayetupa baruti humo. Nao ulipauka mwaka 2016, ukapauka tena 2017, 2020, 2022 na 2024. Joto halikuuliza ni nani aliyevua kwa baruti na ni nani aliyevua kwa mshipi. Wale wavuvi wa kwetu waliopoteza samaki wao hawakuwa wakosaji kuliko watu wote wakaao pwani ya Bahari ya Hindi.

Joto hilo latoka wapi? Watu wakichoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hewa ya ukaa hupanda juu na kuifunika dunia kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Kabla ya siku za viwanda, katika kila sehemu milioni 1 za hewa, yapata 280 zilikuwa ukaa. Leo zimepita 420. Nchi kavu tunalalamika kwa joto, lakini zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto hilo lililozidi zimeingia baharini. Bahari imetubebea mzigo huo kimya kimya.

Tena haibebi joto peke yake. Yapata robo ya hewa ya ukaa itokayo katika shughuli zetu huyeyuka baharini, na hapa ningependa mnifuate darasani kidogo, maana kuna jaribio nililolifanya mbele ya wanachuo mwaka baada ya mwaka nami sikulielewa. Twaa chokaa kidogo, ichanganye na maji, acha ituame, kisha mimina maji safi ya juu katika glasi. (Msiyanywe, wala msiyaache mbele ya watoto.) Chukua bua la jani la mpapai, upulize pumzi yako ndani ya maji hayo. Pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa. Baada ya muda maji yaliyokuwa maangavu yatageuka kuwa kama maziwa, kwa sababu chokaa imeungana na ukaa ikawa unga mweupe, ambao ni kitu kile kile tumbawe linachojengea kikombe chake. Wanachuo walipiga makofi, nami nikafuta ubao. Lakini siku moja msichana mmoja mkaidi aliendelea kupuliza wenzake walipokwisha kuacha, akapuliza mpaka jasho likamtoka, na maji yakaanza kuwa maangavu tena. Unga wote ukatoweka. Alinijia akaniuliza umekwenda wapi. Nilimwambia kwamba ukaa ukizidi huyageuza maji kuwa na uchachu kidogo, na unga huyeyuka. Jibu lilikuwa sahihi, akapata alama yake. Lakini mimi sikuwaza hata mara moja kwamba bahari ni glasi hiyo, na kwamba dunia nzima inapuliza.

Sipendi kutia chumvi. Bahari haijawa chachu kama siki. Bado imo upande wa magadi. Kipimo cha wataalamu kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1 tangu siku za viwanda kuanza. Yaonekana ni kitu kidogo, lakini ngazi ya kipimo hicho si ngazi ya kawaida. Kushuka huko kuna maana kwamba uchachu umeongezeka kwa yapata asilimia 30. Matumbawe yetu hayayeyuki leo kama ule unga wa glasi. Ila ukaa unayanyang'anya maji vile vitu ambavyo tumbawe huvitaka kwa kujenga, hata mjenzi analazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na nyumba yake huwa nyembamba na dhaifu. Mnyama aliyetoka katika njaa ya joto anaambiwa ajenge upya, na saruji imepunjwa. Ndiyo maana mambo haya mawili, joto na uchachu, ni mabaya zaidi yakija pamoja.

Hapo ndipo shetani hutuletea jaribu jingine. Tukishaambiwa kwamba si wavuvi wetu waliopasha bahari joto, tutasema basi si sisi. Na kwa hesabu ni kweli. Bara zima la Afrika halifikii hata sehemu 5 katika 100 za hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma mafuta na makaa ya mawe duniani, na fungu la Tanzania ni dogo sana ndani ya hilo. Basi tunawe mikono. Lakini kumbukeni ni nani aliyenawa mikono. Ni Pilato yule yule anayetajwa mwanzoni mwa somo letu.

Mimi siwezi kunawa. Miaka ile ya shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980, saruji ilikuwa haipatikani kwa fedha wala kwa barua. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule fulani ya pwani, na madarasa yalikuwa yanamomonyoka. Nikapanga wanafunzi wa darasa la sita na la saba, siku za bamvua, waende mwambani na mitaimbo na vikapu. Walibomoa matumbawe mabichi, tukayarundika juu ya magogo ya minazi, tukatia moto. Yalinuka kama samaki aliyeungua. Wangapi kati yenu mmewahi kusikia jiwe likinuka samaki? Nilisikia harufu ile usiku kucha wala sikujiuliza. Tulimaliza madarasa matatu na nyumba ya mwalimu, nikasifiwa, na sifa zile nilizipenda. Sikutupa baruti maishani mwangu, lakini nilifundisha watoto 70 kubomoa kilichojengwa kwa miaka 100, nikaita kazi ya kujitegemea. Mmoja wao baadaye aliishi kwa kuchoma chokaa. Fundi alijifunzia kwangu.

Kwa hiyo nisomapo neno la kutubu katika Injili hii, silisomi kwa niaba ya Marekani.

Sasa mtazame jinsi Bwana anavyoendelea. Baada ya mnara wa Siloamu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amechoka, miaka mitatu amekuja asione kitu, anataka ukatwe. Mtunza shamba hamwambii kwamba mti ni mzuri. Habishani hata kidogo kuhusu aliyeuharibu. Anaomba mwaka mmoja, na katika mwaka huo anajitwika kazi ya kuupalilia na kuutia samadi. Mama yetu wa chini ya mwembe alisema matumbawe yamekufa, basi tuyatumie. Ndiyo sauti ya mwenye shamba, kwamba kisichozaa kikatwe. Nami naomba tuisikie sauti ya yule mwingine.

Maana si kweli kwamba yote yamekufa, na hata yaliyokufa yana kazi. Watoto wa matumbawe huelea majini wakiwa wadogo kuliko chawa, wakitafuta mahali pagumu pa kushika. Mifupa ya tumbawe lililokufa kwa joto, ikiwa bado imesimama, ndiyo sakafu yao. Pia huvunja mawimbi, na samaki hujificha humo. Ukiingoa kwa ajili ya chokaa, au ukiivunja kwa baruti ikawa kokoto zinazoviringishwa na mawimbi, mtoto hapati pa kukaa, na mwamba huweza kubaki jangwa kwa miongo mingi. Joto humuua mwenye nyumba, lakini mtaimbo huiondoa na nyumba yenyewe. Na mchoma chokaa, nawahakikishia kwa niliyoyafanya, hachagui lililokufa.

Samadi ya mwamba ni nini? Ni samaki. Baada ya kupauka mwani huota upesi, ukawafunika watoto wa matumbawe kama magugu yafunikavyo mche. Anayepalilia ni tasi, na zaidi pono, yule samaki tunayemtaja tunapomsema mtu anayelala sana. Mchana pono halali. Anakwangua mwani kwa meno yake magumu tangu asubuhi hadi magharibi. Tukimvua mpaka akaisha, au tukikokota juya lenye macho madogo likachukua hata vitoto vyake, tumewafukuza vibarua shambani wakati wa magugu. Miamba mingine iliyopigwa mwaka 1998 ilirudi kuwa hai baada ya miaka kumi au zaidi, hasa palipobaki samaki wa kutosha na palipokuwa na maji safi. Nafurahi kusema pia kwamba baruti, iliyokuwa ikilia kila siku pwani hii, imepungua sana katika miaka ya karibuni.

Tena kuna jambo ambalo nadhani wengi wetu hatujaambiwa. Wataalamu waliopima joto la bahari na hali ya matumbawe wameona kwamba miamba ya kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, upande huu wetu wa mkondo wa Pemba ambao una kina kirefu na maji ya baridi chini, imestahimili joto kuliko miamba mingi ya Bahari ya Hindi. Wanaiita kimbilio. Maana yake ni kwamba ikiwa kwingine matumbawe yatakwisha, mbegu huenda ikabaki hapa kwetu. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Hatukuomba kazi hiyo. Lakini Nuhu pia hakuomba.

Sitaki kuwadanganya kwamba kupalilia kutatosha. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa mataifa lilisema kwamba dunia ikipata joto la digrii 1.5 zaidi ya ilivyokuwa kabla ya viwanda, sehemu 70 hadi 90 katika 100 za miamba ya matumbawe zitapotea, na kwa digrii 2 itapotea karibu yote. Mwaka 2024 peke yake ulivuka hizo digrii 1.5, ingawa mwaka mmoja haufanyi hesabu ya miaka mingi. Kwa hiyo wako watu wengine wanaotakiwa kutubu kwa matendo makubwa kuliko yetu, nao wengi ni ndugu zetu. Baraza la Ushauri la Anglikana liliandika alama nne za utume wa Kanisa mwaka 1984, na mwaka 1990 likaongeza ya tano, ya kuutunza ulimwengu ulioumbwa. Wakristo wa Uingereza na Marekani wanashiriki kikombe kimoja nasi. Wageni kutoka ng'ambo wanapotutembelea, sisi huwaimbia, huwavika kanga, na kuwalisha kuku. Ni vema. Ningeomba safari ijayo wapakiwe pia ngalawani, wakaonyeshwe mwamba, na mvuvi mmoja aruhusiwe kuwaeleza bila mtu wa kamati kumkatiza. Hiyo si kulaumu wageni. Ndugu asipoambiwa atajuaje?

Lakini kwanza chokaa yetu. Hapa Tanga hatukosi mawe ya chokaa ya nchi kavu. Hata mapango ya Amboni, tulikopeleka wanafunzi miaka nenda miaka rudi, yamo katika mawe hayo. Nayo yalifanyika chini ya bahari, lakini zamani mno kabla ya kuwako mwanadamu, wala hakuna samaki anayeyakalia leo. Chokaa yake ni ya kijivujivu kidogo, na bei imezidi. Nimeuliza kwa wachuuzi wawili. Kwa mifuko tunayoihitaji, tofauti ni kubwa kidogo kuliko sadaka ya Jumapili moja ya kawaida. Halmashauri inakutana Jumamosi, nami nitasimama kuomba jambo hili. Nikishindwa kwa kura nitanyamaza, ila sitachukua brashi. Nimeweka bahasha kwa Mtunza Hazina, na ndani yake kuna fungu langu la kwanza la kufidia tofauti hiyo. Mwenye kutaka kuongeza aongeze, hata kama ni kidogo. Yule mzee aliyetutafutia bei rahisi alifanya kwa nia njema ya kulisaidia kanisa, na ninaomba asitupiwe neno.

Mwisho, tangazo kwa wazazi. Bamvua la mwezi ujao, siku ya Jumamosi, nitawapeleka watoto wa Shule ya Jumapili mwambani pamoja na mzee wangu yule wa ngalawa, ambaye sasa macho yake ni hafifu lakini anaijua njia. Tutaondoka kanisani saa 2 asubuhi, maji yakiwa yanapwa, tuwe huko kabla ya saa 4. Kila mtoto aje na kofia, maji ya kunywa na viatu vya zamani. Tutatembea juu ya mchanga tu. Atakayekanyaga tumbawe atarudi kukaa ngalawani na mimi.